Karatasi Ilisema Ndege

Simu ililia saa mbili na robo asubuhi, siku ya kumi na mbili tangu Zeyana alale kifudifudi.

Alikuwa juu ya benchi alilochongewa na mumewe, uso umeingia katika tundu lililokatwa kwenye ubao na kuzungushiwa sponji. Binti yake Khuloud, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, alikuwa anapiga deki chini yake. Aliifuta mikono kwenye kanga, akaitazama simu.

"Baba mdogo Suleimani," akasema.

Zeyana akajua. Suleimani, shemeji yake, alikuwa amelazwa kule Lushoto wiki nzima kwa presha, na juzi Yasini, mumewe Zeyana, alipanda kwenda kumtazama. Simu ya asubuhi kutoka nyumba yenye mgonjwa haihitaji tafsiri. Alianza kusoma "Inna lillahi" kwa sauti ya chini.

"Pokea," akasema. "Watakuwa wanatumia simu yake."

Khuloud akabonyeza spika. Ikatoka sauti ya Suleimani mwenyewe.

"Shemeji. Uko na nani hapo?"

"Suleimani? Ni wewe? Alhamdulillahi! Mimi nilishadhani... Niko na Khuloud. Wewe mzima?"

"Mimi mzima. Nimeruhusiwa jana. Shemeji, kaa chini."

"Nitakaaje nami nimelala kifudifudi? Sema."

Nyuma ya Suleimani palikuwa na sauti za watu wengi, na mwanamke mmoja alikuwa analia kwa kukatakata.

"Yasini ametutoka, shemeji."

"Ametoka kwenda wapi?" Zeyana akauliza.

Khuloud aliliangusha dekio. Maji ya ndoo yakamwagika, Zeyana akayaona kama kitu cheupe kinachotambaa sakafuni.

"Amefariki," Suleimani akasema. "Ametoka kuswali alfajiri, akanywa chai na sisi hapa, akasema ajinyooshe kidogo. Mke wangu akaenda kumwamsha."

"Lakini wewe ndiye uliyekuwa unaumwa," Zeyana akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaumwa, Suleimani."

"Ndiyo. Ndiyo."

Hakunyanyua kichwa. Baadaye hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote: kwamba alipewa habari ile na mwili wake ukaendelea kutii amri ya daktari. Khuloud alikuwa amepiga magoti ndani ya maji akilia, na yeye Zeyana alikuwa bado anatazama chini, mikono imeshika miguu ya benchi, kama mtu anayengoja kinyozi amalize.

Zeyana binti Thuwaini alikuwa fundi wa hina na piko. Miaka thelathini na zaidi, harusi nyingi za Mabawa na Makorora hazikuanza mpaka yeye amepita na kijiti chake. Babu zake walitoka Omani, na alipotaka kuolewa na Yasini, seremala wa Kishambaa aliyekuja kutengeneza milango ya nyumba yao, baba yake alikaa miezi minane bila kusema naye. Mwisho mzee akakubali, akasema mlango ameutengeneza vizuri, hilo hawezi kulikana.

Ugonjwa ulimwanzia mwaka juzi, akiwa anamchora bibi harusi mmoja ua la piko mgongoni mwa kiganja. Akaona mstari umekatika katikati. Akapitisha kijiti tena. Ukakatika tena.

"Bi Zeyana," bibi harusi akasema kwa adabu, "hapo umepita mara tatu."

Jicho lake la kushoto liliharibiwa na surua utotoni, likapofuka kabisa. La kulia ndilo lililokuwa linalisha nyumba, na sasa hilo la kulia lilikuwa na shimo. Alipomtazama mtu aliona masikio, aliona nywele, aliona mabega, na pale penye uso palikuwa na doa la kijivu, kama mtu amepafuta kwa kidole. Hospitali moja ya Dar es Salaam walimweleza kwamba nyuma ya jicho kuna pazia linalopokea picha, na katikati ya pazia, mahali padogo pa kusomea na kutambulia nyuso, pametoboka. Walimpasua. Akalala kifudifudi siku tano. Baada ya miezi mitatu walipopiga picha, tundu lilikuwa lingali wazi, na limepanuka.

"Hili sasa tunaliita tundu sugu," daktari wa pili alimwambia. Huyo aliitwa Praxeda, mwanamke mwenye sauti ya mtu wa makamo, aliyezungumza taratibu. "Nakupa tumaini, lakini si ahadi. Nitachukua kipande cha utando mwembamba sana kutoka humo humo ndani ya jicho lako, nizibe nacho tundu kama kiraka. Kisha nitajaza gesi. Gesi itapanda juu, ikikandamize kiraka mpaka kishike. Ndiyo maana lazima utazame chini."

Yasini, aliyekuwa amekaa pembeni na kofia mapajani, akaelewa kabla ya mkewe. "Kumbe gesi ni jiriwa," akasema. "Ukishatia gundi, ubao unaubana na jiriwa mpaka ukauke. Ukiifungua mapema umekula hasara."

"Hivyo hivyo, mzee wangu," Praxeda akasema, akacheka.

Waliporudi Tanga walikuwa na chupa mbili za dawa ya matone na karatasi moja. Karatasi iliandikwa kwa herufi kubwa: Lala kifudifudi siku kumi na nne. Usilale chali. Tia dawa mara nne kwa siku. Usipande ndege mpaka gesi iishe, takriban miezi miwili.

"Ndege!" Yasini alisema alipoisoma. "Twende wapi nayo, Maskati?"

Siku ile ile alikata ubao na kutengeneza benchi. Na siku tisa mfululizo yeye ndiye aliyekuwa akimtilia matone, akimlisha uji kwa mrija, na mchana akitandika mkeka chini ya benchi na kulala chali ili wazungumze uso kwa uso. "Unaniona?" alikuwa akiuliza. Kwa gesi ile jichoni Zeyana hakuona kitu ila mwanga na kivuli. "Naona mtu mvivu amelala mchana," alikuwa akimjibu. Siku ya kumi ndipo Yasini aliposema aende mara moja akamjulie hali mdogo wake, kesho kutwa angerudi.

Kufika saa tatu nyumba ilijaa. Zeyana aliwatambua majirani kwa sauti. Kila aliyeingia alimshika bega, akamwombea subira, kisha akakosa la kufanya, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kumkumbatia mfiwa aliyelala kifudifudi kwenye benchi.

Suleimani alipiga tena. Maziko ni baada ya alasiri, saa kumi. Yasini alikuwa amesema siku zote azikwe kwa mama yake, na wazee wamekwisha kuchagua mahali.

"Nakuja," Zeyana akasema.

"Mama," Khuloud akasema, "bado siku mbili."

"Nitakwenda kifudifudi. Nitalala kwenye kiti cha nyuma. Nisome karatasi."

Khuloud akaisoma mara mbili, akitafuta neno la kumzuia mama yake na neno la kumruhusu. Kifudifudi. Chali. Matone. Ndege. Hapakuwa na neno gari. Akapiga namba ya daktari iliyoandikwa chini. Haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

"Atakuwa chumba cha upasuaji," Zeyana akasema. "Kamwite Zebedayo."

Zebedayo alikuwa jirani yao, Mbondei wa Muheza, mwenye Probox nyeupe aliyoiendesha kwa abiria wa kukodi. Alikuja akiwa amekwisha kuondoa mizigo yake na kuweka mito miwili kiti cha nyuma.

"Shikamoo mama. Pole sana, mama. Mzee Yasini alinitengenezea kitanda, sijui niseme nini."

"Marahaba, mwanangu. Usiseme. Endesha."

Waliondoka saa nne. Zeyana alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti cha dereva, kifua juu ya kiti, uso katikati ya mito, Khuloud amemshika kiuno asirushwe. Alisikia Muheza kwa kelele za wauza machungwa. Alisikia Segera kwa malori. Kichwani mwake palikuwa patupu kabisa. Mara moja tu, karibu na Korogwe, aliinuka nusu akasema, "Tumpigie baba yako tumwambie tunakuja," kisha akarudisha uso kwenye mto taratibu.

Walipofika Mombo ilikuwa saa saba kasoro. Zebedayo alinunua maji, kisha akaiacha barabara kuu na kuanza kupanda.

Kona za kwanza hazikuwa na neno. Za katikati, masikio yalimziba, kama yanavyomziba kila mtu anayepanda Lushoto. Kisha akahisi uzito nyuma ya jicho la kulia, kama mtu amelitia kidole gumba kutoka ndani na anasukuma nje, polepole, bila haraka yoyote.

"Khuloud. Jicho linauma."

"Ni kilio, mama."

"Sijalia."

Kona mbili baadaye alipiga ukelele. Hakujua kuwa ni yeye aliyeupiga mpaka Zebedayo alipofunga breki. Alitapika mlangoni, Khuloud akimshikilia paji la uso, na aliponyanyua kichwa na kufungua jicho kuelekea juani hakuuona mwanga. Siku kumi na mbili alikuwa ameona angalau weupe wa dirisha. Sasa palikuwa peusi, peusi kama ndani ya mtungi.

"Limezimika," akasema. "Khuloud, limezimika. Kuna jua hapa au hakuna?"

"Kuna jua, mama! Kali!"

Khuloud alipiga ile namba kwa vidole vinavyoteleza. Safari hii ilipokelewa mlio wa kwanza.

"Dokta Praxeda hapa. Nimeona mmenitafuta."

"Daktari, mama jicho linamuuma, anatapika, haoni hata mwanga!"

"Amelala kifudifudi?"

"Kifudifudi tangu Tanga. Tuko njiani, tunakwenda msibani Lushoto."

"Lushoto?" daktari akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti nyingine: "Lushoto ya milimani?"

"Ndiyo. Tumebakiza kidogo kufika Soni."

"Geuzeni gari," Praxeda akasema. "Binti, nisikilize. Geuzeni gari sasa hivi mteremke mpaka chini kabisa. Gesi inavimba kadiri mnavyopanda. Jicho halina pa kuipeleka."

Zeyana alinyoosha mkono hewani mpaka akapewa simu.

"Daktari. Mliniambia ndege."

"Ndiyo, mama."

"Hii si ndege. Hii ni Probox."

"Gesi haijui, mama. Haijui kama umepanda kwa ndege au kwa miguu." Kisha akasema: "Sisi ndio tuliotakiwa kukuambia. Hatukukuambia."

"Mume wangu yuko hapo juu. Amekufa leo asubuhi. Wananisubiri."

"Ya Rabi," daktari akasema, naye ni Mkristo mwenye jina la Praxeda.

"Ni mwendo mdogo tu uliobaki. Nikifika, nikamuona, kisha nikateremka?"

"Mama, mshipa unaobeba picha kwenda kwenye ubongo ukibanwa namna hiyo unakufa. Hauhesabu siku, unahesabu saa. Na kule ni juu zaidi ya hapo ulipo. Sitakudanganya."

Zeyana akamrudishia bintiye simu. "Endesha," akamwambia Zebedayo.

"Kwenda wapi, mama?"

"Juu! Ulitoka Tanga kwenda wapi?"

Zebedayo akamtazama Khuloud. Khuloud alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Zebedayo akaondoa gari, akapanda kona moja, polepole kama aliyebeba mayai, na kabla ya kuimaliza Zeyana alikuwa anapiga kiti kwa ngumi, akisema basi, basi, simama, basi.

Watu wamemwuliza mara nyingi alichofikiri pale. Wengine wangependa kusikia kwamba alimfikiria bintiye, asije akawa mzigo wa kuongozwa mkono maisha yake yote. Wengine wangependa awe alisikia sauti ya Yasini ikimwambia ateremke. Yeye husema ukweli: hakufikiri kitu. Maumivu yalimshinda. Alikuwa mke wa mtu miaka thelathini na moja, na maumivu ya nusu saa yalimgeuza kilomita kumi na tano kutoka kwenye maiti ya mumewe.

"Wewe nenda," akamwambia Khuloud. "Chukua bodaboda hapo mbele. Kamwone wewe."

"Nikuache peke yako?"

"Zebedayo yupo. Ana baba mmoja tu, nenda," akasema. Maneno yalikuwa yanamchanganyikia. "Una baba mmoja tu. Ukifika nipigie kabla hawajamtoa ndani."

Khuloud alikimbia kona iliyobaki kwa miguu, akapata pikipiki penye vibanda vya ndizi. Gari likageuzwa.

Zebedayo aliteremka mlima. Kwenye kila kona aliuliza, "Mama?" na Zeyana akajibu, "Bado." Mara ya saba au ya nane hakujibu. Kidole gumba kile kilikuwa kimelegea kidogo. Kufika Mombo kilikuwa kimetoka, kikaacha uchungu mzito kama wa jino lililokwisha kung'olewa. Alifungua jicho juu ya mto. Weupe ulikuwepo. Hafifu, wenye tope, lakini ulikuwepo. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na hata yeye hakujua ni kwa sababu ipi kati ya mbili.

Zebedayo aliomba nafasi kwa mama mmoja mwenye mgahawa kando ya barabara. Mama huyo, jina lake Mboni, aliposikia kisa hakuuliza la pili. Aliwatoa wateja wawili kwenye chumba cha nyuma, akatandika mkeka na mto, akamlaza Zeyana kifudifudi, akakaa naye akimpepea kwa kawa la kufunikia chakula.

Simu ilikuja saa tisa na dakika kadhaa.

"Nimefika," Khuloud akasema. Nyuma yake wanawake walikuwa wanasoma. "Ameshakoshwa. Ameshavikwa sanda. Wamenifunulia uso."

"Yukoje?"

"Kama amelala, mama."

"Usiniambie kama amelala. Niambie yukoje."

Khuloud akavuta pumzi. "Midomo imekauka kidogo. Pua wameitia pamba. Ana mkunjo hapa katikati ya nyusi, ule wa anapopima ubao. Haujatoka."

"Weka simu sikioni kwake."

Alisikia mwanamke mmoja akinong'ona kwamba hilo si jambo lililozoeleka, na sauti ya Suleimani ikisema, "Mwacheni aweke." Kisha sauti za chumba zikawa mbali.

Zeyana hakuwa amepanga la kusema. Mbele ya uso wake palikuwa na mkeka tu, na harufu ya vitunguu kutoka jikoni.

"Yasini," akasema. "Mimi Zeyana. Nilifika mpaka karibu na Soni. Nimerudi, jicho limenishinda. Niwie radhi. Mimi nimekuwia radhi kwa yote, duniani na akhera, sina ninachokudai. Nilidhani ni Suleimani. Asubuhi nilipopigiwa simu, nilidhani ni Suleimani, nikashukuru moyoni kwamba si wewe. Kisha ikawa ni wewe."

Akangoja. Ni mazoea ya kuzungumza na mtu huyo; ukishasema, unangoja. Mboni aliyekuwa anampepea akaacha kupepea.

"Haya," Zeyana akasema. "Nenda salama."

Zebedayo alikuwa amesimama nje ya mlango na kofia mkononi. Walikaa Mombo mpaka Khuloud alipotuma neno kwamba wanaume wamerudi kutoka makaburini, ndipo wakaondoka. Korogwe palikuwa na daktari aliyekwisha kupigiwa simu na Praxeda; alimpima, akampa vidonge vya kushusha presha ya jicho na kumtilia matone, akamwambia, "Ungekaa huko juu mpaka jioni, nisingekuwa na la kukutendea."

Zeyana alikaa eda nyumbani kwake Makorora miezi minne na siku kumi. Siku mbili za mwanzo alizimaliza kwenye benchi. Baadaye gesi ilianza kupungua, na katika jicho lake akaona mstari unaocheza kama maji ndani ya glasi, kila siku umeshuka kidogo, juu yake dunia ikiwa wazi zaidi. Hakufurahi nao. Kutoka Lushoto maneno yalikuwa yanafika. Wifi yake Mwamvua, dada wa Yasini, alipiga simu siku ya arubaini, na baada ya salamu akasema, "Kaka yangu amezikwa kama mtu asiye na mke. Watu wanasema uligeuza gari."

"Ni kweli," Zeyana akasema. "Niligeuza."

Mwamvua labda alitarajia kubishiwa. Akaaga.

Sheikh wa mtaa alisema matibabu ni dharura, anaruhusiwa kutoka. Kwa hiyo katika mwezi wa tatu wa eda Khuloud alimpeleka Dar es Salaam, amejifunika vyema, hakuzungumza na mtu njiani. Dokta Praxeda alimweka mbele ya mashine, akapiga picha, akaitazama muda mrefu. Akatoka nje ya chumba. Akarudi na daktari mwingine, wakaitazama wote wawili.

"Nini tena?" Zeyana akauliza. "Limefunguka?"

"Limefunga," Praxeda akasema. "Mama, limefunga. Siku ile uliponipigia niliandika kwenye faili kwamba jicho hili tumelipoteza. Sikutegemea hili."

Upande wa chini, karibu na pua, kuna sehemu ya kuona iliyokufa kwa ile presha, na haitarudi. Zeyana hujikwaa ngazi asipoangalia. Lakini tundu la katikati limezibika. Alisoma mistari minne ya ubao wa herufi. Kisha Praxeda alivuta kiti akakaa karibu naye, akaushika mkono wake.

"Mimi nimezaliwa Dar," akasema. "Nimesomea Dar. Naandika 'ndege' kwa kila mgonjwa, na sijawahi hata siku moja kufikiria mlima. Nimekukosea."

Zeyana aliutazama uso wa yule mwanamke. Alikuwa kijana kuliko sauti yake, na alikuwa na kovu dogo kidevuni.

"Nimekusikia," akasema.

Alipotoka eda, mwezi wa Rajabu, alimwambia Zebedayo alete gari. Praxeda aliulizwa kwanza. Alisema gesi imekwisha kabisa, wapande hata Kilimanjaro. Hata hivyo, walipoiacha Mombo Zeyana alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, na hakuuachia mpaka walipoipita Soni. Hakuna kilichotokea. Masikio tu yalimziba.

Nyumba ya Suleimani iko juu kidogo ya mji, ukishapita bustani za kabichi. Walipofika, Mwamvua alikuwa mlangoni, amekunja mikono, hajaamua kama atacheka au atanuna. Khuloud aliteremka kwanza, akamsalimia shangazi yake. Zeyana akafuata, akikanyaga kwa uangalifu. Ndipo mwanamume akatokea upande wa banda la ng'ombe, amevaa koti kuukuu na kofia ya kufuma, akapangusa mikono, akaja moja kwa moja kuwapokea.

Zeyana alirudi nyuma hatua mbili, akaushika mlango wa gari.

Alikuwa Yasini. Si Yasini wa picha za harusi, wala yule aliyekuwa anamkumbuka kabla jicho halijatoboka. Alikuwa mzee, mashavu yameingia ndani, ndevu nyeupe tupu, mifuko chini ya macho.

"Shemeji," mtu yule akasema. "Karibu, shemeji. Hunikumbuki? Suleimani."

"Khuloud," Zeyana akasema bila kumwondolea macho. "Baba yako alikuwa hivi?"

Khuloud akageuka, akamtazama baba yake mdogo, akamtazama mama yake. Alichelewa kuelewa swali.

"Ndiyo, mama. Mwaka wa mwisho walikuwa wanafanana sana. Watu walikuwa wanasema mapacha."

"Na ndevu?"

"Zilikuwa nyeupe hivyo hivyo."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Hakuniambia," Zeyana akasema.

Mwamvua alikuwa amekunjua mikono. Aliteremka ngazi za baraza akaja kusimama karibu na wifi yake. Suleimani alitaka kuingia ndani kuagiza chai.

"La, shemeji, usiingie," Zeyana akasema. "Nisamehe, najua si adabu. Simama hapo hapo kwenye jua."

Akasimama. Aliivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele yake, akatulia kama mtu anayepigwa picha, naye Zeyana akamtazama: paji la uso, nyusi, ile mikunjo, ndevu nywele kwa nywele, bila haraka, mpaka mke wa Suleimani alipotoka kuuliza mbona wageni bado wamesimama nje.